Hotuba ya Mheshimiwa Cyubahiro kwa Watoto Wachanga wa Black Rock Kuhusu Baridi

(Ukumbi ulio chini ya kanisa, Black Rock, mjini Buffalo, Jumapili ya pili ya Januari, mara baada ya ibada. Nje theluji imefika magotini na upepo wa ziwani haujapumzika tangu Ijumaa. Akina mama wamekuja na watoto wao, kwa sababu karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa ilisema kwamba leo watoto watagawiwa kombinezo, yaani vazi la baridi la kipande kimoja, kuanzia kisogoni hadi nyayoni.)

Mheshimiwa Mchungaji uliyetuazima ukumbi huu. Waheshimiwa wazee wa kanisa, mashemasi, na wanaotarajia kuwa mashemasi. Mwenyekiti wa akina mama, makamu wake, na makamu wa makamu wake, ambaye naambiwa ndiye afanyaye kazi (kicheko). Wawakilishi wa nyanda za juu za Kivu ya Kusini, wa nchi tambarare, na wa kambi zote tulizopitia kwa neema ya Mungu na kwa foleni. Wageni walioalikwa, na wasioalikwa ambao wamekwisha kuketi. Waheshimiwa watoto wachanga wa daraja la kwanza, yaani wasioketi. Wa daraja la pili, yaani watambaao. Na wa daraja la tatu, ambao hivi sasa wanakimbia kuizunguka meza yangu: kila mtu amepewa heshima yake, na ambaye hakutajwa na ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtoto mmoja analia.)

Mimi, Daktari wa Heshima Cyubahiro, Mratibu Mkuu wa Baraza Kuu la Uratibu, Uhamasishaji na Usimamizi wa Joto la Watoto Wachanga Wawapo Nje, Kanda ya Louisville, Columbus na Buffalo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, nami sikuwapinga, ili niwatangazie kwamba muda wa maneno umekwisha, na kwamba sasa, katika saa hizi mbili tulizopangiwa, tutaueleza kwa kirefu muda wa vitendo. (Makofi machache. Mtu anauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli saa mbili.)

Ndugu zangu, Baraza halikukurupuka. Mwezi wa Julai tuliwakutanisha stakeholders wote katika semina ya siku tatu huko South End, mjini Louisville, kwa maana wataalamu wetu walishauri kwamba baridi huchunguzwa kwa utulivu zaidi inapokuwa haipo. Jasho lilitutoka, hata ikabidi kikao cha pili kiahirishwe kwa sababu ya joto; lakini hatukurudi nyuma, na jioni ya siku ya tatu tulipitisha kwa kauli moja azimio la kihistoria lisemalo kwamba baridi ipo. (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anadhani ni furaha, anainamisha kichwa kushukuru.)

Kutoka Louisville tulipanda hadi Columbus, ambako tuliunda kamati ndogo ya kulitafsiri azimio la Louisville, na kamati ndogo ilipolemewa ikaunda kamati ndogo zaidi, na kamati hiyo ikatuletea takwimu ambazo nitawasomea polepole ili zisiwaumize: kwamba asilimia tisini na saba nukta sita ya baridi yote ya Buffalo hutokea nje, kwamba asilimia mbili nukta nne iliyobaki huingia ndani kwa uzembe wa wanaosahau kufunga mlango, na kwamba kati ya kila watoto kumi waliohojiwa, tisa hawakujibu kwa sababu hawajaanza kusema, na wa kumi alilala. Kwa msingi huo imara, roadmap ya mradi iliandikwa.

(Mama mmoja kijana katika safu ya tatu anasimama, mtoto wa miezi tisa akiwa mgongoni mwake kwa kitenge, ndani ya koti.)

Naona mkono umeinuliwa. Maswali yamepangwa kuwa kipengele cha kumi na nne, nasi tupo katika cha pili. Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa watu, sema, dada yangu, ila kwa ufupi.

(Mama: «Asante, prezida. Naitwa Vestine, mama Isaro. Karatasi ilisema leo mutagawa kombinezo za batoto. Nauliza tu: ziko wapi?»)

Swali zuri. Swali la kina. Swali ambalo Baraza limekuwa likijiuliza. (Kicheko.) Dada Vestine, kombinezo si kitu cha kuuliza kiko wapi, kana kwamba ni sufuria, kombinezo ni mchakato. Kuna kombinezo katika hatua ya maono, kuna kombinezo katika hatua ya mpango, na kuna kombinezo katika hatua ya kitambaa, na hekima ya uongozi ni kutoiruka hatua hata moja.

(Vestine: «Bon, mimi niko ku hatua ya kesho. Kesho saa kumi na moja asubui nasimama ku bisi na huyu mutoto. Nipite kwa mama Caritas anayemulinda, kisha nifike ku kazi, Tonawanda, ku usine, ku kiwanda. Siku ya ine, ile Alhamisi, bisi ilichelewa dakika makumi ine. Nikamugusa vidole vya miguu, viko kama majivu, na mutoto halii. Mutoto asiyelia, donc, hapo ndiyo naogopa. Na ku kazi niko na pointi tano za kuchelewa na kukosa. Ya sita, banafukuza. Kesho nikibaki nyumba, kazi imekufa. Nikitoka, miguu yake. Sasa uniambie.»)

Nimeguswa. Katibu wangu, ndugu Sipriani, andika kwamba nimeguswa. (Ndugu Sipriani anaandika.) Na kwa kuwa nimeguswa, nitafanya jambo ambalo halikupangwa: nitawasomea hapa hapa, kabla ya muda wake, Mwongozo wa Baraza wa Ulinzi wa Mtoto Wakati wa Baridi, ili dada yetu asirudi nyumbani mikono mitupu, bali arudi na ibara.

Ibara ya kwanza. Mtoto abebwe mgongoni juu ya koti la mama, si ndani yake, ili jamii inayotupokea iuone utamaduni wetu katika fahari yake, na kitenge kionekane vizuri katika picha.

(Kutoka safu ya mbele anasimama Mama Margareta, mzee wa miaka sabini, aliyezalisha wanawake wengi milimani Kivu na ambaye sasa hutunza wazee katika nyumba ya wazee: «Juu ya koti? Mama apate joto, mutoto apate upepo?» Kicheko.)

Mama mheshimiwa, picha tuliyoipiga Louisville ilipendeza sana.

(Mama Margareta: «Ilikuwa Julai!» Kicheko kikubwa, watu wanapiga meza.)

Naomba utulivu. Sauti ya wazee ni hazina, na hazina hutunzwa mahali palipofungwa. Ibara ya pili. Kila mtoto wa daraja la tatu, yaani anayekimbia, afungwe shingoni skafu ya urefu wa mita moja na nusu yenye rangi za Baraza, ili atambulike toka mbali.

(Mama Margareta hajaketi: «Skafu ndefu, na mutoto anapanda vyuma vya kuchezea ku paki? Itanaswa juu, na yeye anashuka chini. Muheshimiwa, uko unapenda kuzika? Mutoto mudogo anavaa kofia ya kufunika masikio na kola ya sufu ya kupitisha ku kichwa, ikae ku shingo. Kitu ya kufunga shingo, hapana. Kamba ya koti pia, chomoa.» Akina mama kadhaa wanainama kuchomoa kamba katika makoti ya watoto wao.)

Hoja hiyo imo katika ripoti yetu, katika ukurasa ambao bado haujaandikwa. Ibara ya tatu, ambayo ndiyo nguzo: mtoto avikwe nguo nyingi iwezekanavyo, bila kikomo, mahali popote na wakati wote, na wala zisivuliwe bila kibali. Ili mwone kwa macho, naomba mtoto mmoja apande hapa mbele. Wewe, binti mzuri. Jina lako nani?

(Mama yake, Gracieuse, anajibu kwa niaba yake: «Charlotte. Iko na miaka tatu.» Mtoto amevaa koti nene, suruali mbili, kofia na buti, na ukumbi una joto kama jiko. Mheshimiwa anamwongezea shali yake mwenyewe.)

Tazameni! Huu ndio mfano hai wa maono yetu. Binti, waambie wajumbe unajisikiaje.

(Charlotte: «I'm hot! Mommy, I wanna take it off!»)

Mmesikia? Ameshuhudia kwa kinywa chake kwamba ana joto, na mradi haujafikisha hata nusu saa! Sipriani, andika: mnufaika wa kwanza. (Kicheko. Gracieuse anapanda, anamvua mtoto wake shali, koti na kofia. Shati la ndani limelowa jasho mgongoni.)

(Mama Margareta anausogelea mlingoti wa kipaza sauti, ingawa haongei ndani yake, maana hakihitaji: «Batu ya Mungu, muangalie huyu mutoto. Amelowa. Sasa mukimutoa inje, hii jasho itakuwa barafu ku mugongo. Ndani, muvue, ndani ya bisi pia, fungua. Na musishike mikono kujua kama ana baridi. Mikono ya mutoto inadanganya. Tia kidole hapa, nyuma ya shingo. Kukiwa moto na kukavu, ni vizuri. Kukilowa, punguza. Kukiwa baridi, ingia ndani mbio.» Mikono ya akina mama inakwenda nyuma ya shingo za watoto ukumbi mzima.)

Ahsante sana, Mama, kwa kuchangia katika awareness ambayo Baraza limeiandaa. Naomba sasa turudi katika hotuba. Hotuba, ndugu zangu, ni kama... naomba turudi. Mbona watu wanahama viti?

(Watu wanahama viti. Mama Margareta amemketisha Vestine karibu na kipasha joto, amekifungua kitenge, na sasa anaichunguza miguu ya Isaro mmoja mmoja. «Leta yeye hapa. Aah, mama Isaro, nimeona kosa. Wewe unamubeba ndani ya koti, ni vizuri, kichwa inje, pua inapumua, ni vizuri. Lakini miguu? Miguu inapanuka ku kiuno chako, suruali inapanda, soksi inashuka, na hapa katikati ngozi iko inje. Koti yako haifiki hapo. Kwetu milimani mutoto alibebwa hivi, miguu wazi, hakuna shida. Hii ya Buffalo haisamehe.» Vestine: «Kumbe ni hapo!» Mama Margareta: «Ni hapo. Batu yote wanasahau hapo, hata mimi nilisahau na mujukuu wangu wa kwanza.»)

Wajumbe, kanuni za mkutano haziruhusu mtoto kuchunguzwa wakati Mratibu Mkuu akiwa jukwaani. Hata hivyo, kwa busara, naruhusu jambo hilo liendelee sambamba nami, kwa kuwa uongozi wa kisasa ni wa ushirikishwaji. Nilikuwa nikisema kwamba awamu ya kwanza, yaani pilot phase, itahusisha vibanda vya vioo vyenye vipasha joto katika kila kituo cha basi kutoka mtoni hadi Tonawanda, vikiwa na viti vya kunyonyeshea, maji ya moto, na picha yangu.

(Murhula, kijana anayefanya kazi katika ghala la vyakula vilivyogandishwa, anasimama nyuma: «Prezida, samahani, endelea tu.» Anapita katikati ya viti akiwa na mfuko. «Mama Margareta, niko na soksi za frigo. Kule tunavaa hizi, masaa manane ndani ya barafu. Pea mbili mupya, hata sijafungua. Ni ndefu.» Mama Margareta: «Lete. Hii ndiyo nataka.» Anamvika Isaro soksi zake ndogo za pamba, kavu, kisha anapandisha ile ya Murhula juu yake, ikafika pajani, ikaishika suruali isipande. «Ona! Mutoto amevaa buti ya musikari.» Kicheko, Isaro anaushika mguu wake na kuutazama kama kitu alicholetewa kutoka mbali.)

Soksi! Ndugu zangu, naomba tusishuke. Baraza limekutana katika miji mitatu. Baraza lina nembo. Baraza haliwezi kusimama mbele ya historia na kusema kwamba jibu lilikuwa soksi.

(Sauti: «Historia ina miguu baridi!» Kicheko.)

(Gracieuse, akiwa na Charlotte mkononi: «Vestine, dada, kesho usiende ku bisi. Mimi naingia kazi saa kumi na mbili, ku njia ile ile. Nitapita kwako saa kumi na moja. Niko na kiti ya Charlotte ya zamani, iko ndani ya gari, ile ya mutoto kuangalia nyuma. Mwaka yake ya mwisho ya kutumia haijapita, nilisoma ku sitika.» Vestine: «Kila siku?» Gracieuse: «Kila siku ya kazi, mpaka barafu iishe. Kwani gari inasikia uzito?» Mama Margareta: «Lakini kombinezo nene au koti nene, umuvue kwanza mbele ya kumufunga ku kiti. Mukanda ukae ku mwili, siyo ku pamba. Koti ikijaa hewa, unafikiri umekaza, kumbe gari ikigonga mutoto anachomoka. Ufunge, ukaze, kisha blanketi juu, siyo ku uso.» Murhula: «Nani aliwaambia batu wa Baraza watuletee kombinezo basi?» Mama Margareta: «Kombinezo ni ya kutembea na kucheza, mwanangu. Ni nzuri. Ingekuwa iko.»)

Nimesikia neno «ingekuwa». Neno hilo ni la watu wasio na imani, nami nalikemea. (Wazee wawili wa kanisa wanatazamana.) Imani, ndugu zangu, ni kuona kombinezo pale ambapo jicho la kawaida linaona meza. Mimi naziona. Naziona mia tatu na kumi na mbili, za bluu na za waridi, zimekunjwa kwa ustadi, kila moja ikiwa na nembo kifuani. Naziona zikishuka kutoka Columbus. Naziona akina mama wakilia kwa furaha na wapiga picha wakikosa nafasi. Na hivyo naona hakuna sababu ya mtu mwenye macho ya rohoni kuondoka mahali hapa akiwa anavaa koti lake, kama ninavyoona watu wa safu ya tatu, ya nne na ya tano wakifanya sasa.

(Watu wanavaa makoti. Vestine amembeba Isaro ndani ya koti lake. Kichwa kipo nje chini ya kofia ya sufu, na miguu miwili minene ya soksi inachungulia pembeni. Mama Margareta anaingiza kidole nyuma ya shingo ya mtoto, anakiacha kidogo, anatikisa kichwa kukubali. Vestine: «Mama, nikushukuru vipi?» Mama Margareta: «Kesho ukifika, unitumie picha ya vidole. Vidole, siyo uso. Uso najua ni mzuri.»)

Kwa kuwa muda hautoshi, kama siku zote ambapo msemaji ana mengi, niruhusuni nihitimishe kwa kaulimbiu za mradi. Nikisema «Mtoto!», semeni «Joto!» Mtoto!

(Sauti tatu: «Joto.»)

Baridi!

(Hakuna aliyeambiwa ajibu nini. Charlotte: «Snow!»)

Na ile kaulimbiu kuu, niliyoitunga mwenyewe kwa maombi, ambayo itaandikwa katika kila kibanda: Rudini kwa amani, mpate joto!

(Kimya. Mchungaji anaufunika uso wake kwa kiganja. Mzee wa kanisa aliye karibu naye ananong'ona: «Maneno haya tulifundishwa tangu shule ya Jumapili. Na aliyemwambia hivyo ndugu asiye na nguo, bila kumpa kitu, hakusifiwa.»)

Ahsanteni kwa ukimya wa heshima. Basi nitoe shukrani, kwa maana mtu asiyeshukuru ni kama mtu asiyetajwa. Nalishukuru kanisa kwa ukumbi huu na kwa kipasha joto chake, ambacho nimekihesabu miongoni mwa mafanikio ya awamu ya kwanza. Naishukuru mamlaka ya mabasi ya mji huu, ambayo tutaiandikia barua kuhusu vibanda pindi tutakapoijua anwani yake. Namshukuru mfadhili wetu mkuu, ambaye atakapopatikana atashukuriwa kwa jina. Na kipekee namshukuru katibu wangu, ndugu Sipriani, aliyeibandika karatasi ile mlangoni ili watu wasikose kuja, na ambaye leo asubuhi, tulipokuwa tumekwama katika theluji tukitafuta njia ya kufika hapa, aliniuliza kwa unyofu, «Mheshimiwa, watu watakuja kwa ajili ya kombinezo, nasi hatuna kombinezo wala mradi, tutasema nini?», na papo hapo, kabla gari halijasukumwa, tukaupata mradi, jina lake, ibara zake na ile idadi ya mia tatu na kumi na mbili, ambayo ni namba ya nyumba iliyokuwa mbele yetu. (Ndugu Sipriani ameacha kuandika.)

Mwisho nawashukuru ninyi, akina mama wa Black Rock, mliobaki wawili, na mlinzi mwenye funguo. Naomba kabla ya kutoka mtie sahihi katika orodha iliyo mlangoni, ili ripoti ikamilike. Na yule dada Vestine, ambaye namwona kupitia dirishani akipanda gari la mwenzake, akimtoa mtoto ndani ya koti lake, akimfunga, akimkaza, akimfunika blanketi, naomba mtu amkimbilie na kalamu, atie sahihi yeye kwanza kuliko wote. Kwa sababu mtoto mmoja amevikwa leo katika mji huu, mbele ya macho yangu, na ijapokuwa Baraza halikutoa hata uzi mmoja, iandikwe na isomeke miaka yote: Baraza lilikuwepo.

(Mlinzi anazima taa.)